Ukabaila: Maana ya Istilahi na Mipaka Yake

Ukabaila ni mfumo wa jamii ambamo mwenye ardhi ana mamlaka pia juu ya watu wanaoishi na kulima humo. Katika historia, istilahi hii hutumika hasa kwa Ulaya Magharibi ya Zama za Kati, takriban kuanzia karne ya 9 hadi ya 15.

Lugha za Ulaya ziliupa mfumo huu jina kutokana na neno la Kilatini feudum, yaani ardhi aliyopewa mtu kwa sharti la utumishi. Watu wa zama hizo hawakuwa na jina la mfumo mzima. Wanasheria na wanahistoria wa baadaye ndio waliolibuni, likaenea katika karne ya 18. Agosti 1789, Bunge la Ufaransa lilipofuta haki za mabwana wa ardhi, jina hilo lilikuwa tayari ni la siasa.

Mfumo ulikuwa na mafungamano ya aina mbili. La kwanza liliwaunganisha wakubwa wao kwa wao, nalo lilikua pale mamlaka ya mfalme yalipodhoofika. Dola ya mfalme Charlemagne iligawanywa kwa Mkataba wa Verdun mwaka 843, na mashambulizi ya Waviking yakawaonyesha watu kwamba mfalme yuko mbali. Wakatafuta hifadhi kwa bwana aliye karibu, mwenye ngome na askari wa farasi. Mwenye kujiweka chini ya bwana alipiga magoti, akatia mikono yake ndani ya viganja vya bwana, akala kiapo cha uaminifu. Alipewa ardhi, naye akawajibika kupigana vita, mara nyingi kwa siku 40 kwa mwaka, na kuhudhuria baraza. Bwana naye aliwajibika kumpa ulinzi na haki.

Fungamano la pili lilikuwa kati ya bwana na wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi. Mkulima asiye huru alilima shamba la bwana kwa siku kadhaa za juma, akalipia kusaga nafaka katika kinu chake, wala hakuweza kuhama bila ruhusa. Hata hivyo hakuwa mtumwa kamili: alikuwa na kaya yake, kipande cha kulima na haki zilizotambuliwa na desturi. Tauni ya 1347 hadi 1351 ilipoua sehemu kubwa ya watu, nguvukazi ikawa adimu na wakulima wakapata nguvu ya kudai. Nchini Uingereza madai hayo yalizaa maasi ya mwaka 1381.

Kiswahili kina maneno mawili kwa dhana hii. Ukabaila linatokana na kabaila, mtu wa ukoo mkubwa mwenye mali, neno lenye asili moja ya Kiarabu na kabila. Umwinyi linatokana na mwinyi, yaani mwenye, cheo walichopewa watawala wa pwani kama Mwinyi Mkuu wa Unguja. La kwanza linakumbusha nasaba, la pili umiliki. Hakuna linalogusa kiapo wala ardhi ya masharti. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja ukabaila pamoja na ubepari kuwa mifumo isiyo na nafasi katika nchi ya ujamaa, na tangu hapo neno hilo limebeba zaidi maana ya unyonyaji wa mkulima. Maana hiyo ilikuwa na mfano wa karibu: mfumo wa ardhi wa nyarubanja katika Buhaya, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, ambako wakulima walimlipa mwenye ardhi kwa mashamba waliyoyalima wenyewe.

Mipaka ya istilahi lazima ilindwe. Mwanahistoria Marc Bloch, katika kitabu chake kilichotoka kwa juzuu mbili mwaka 1939 na 1940, alitazama ukabaila kama sura ya jamii nzima. Wanahistoria Elizabeth Brown mwaka 1974, na Susan Reynolds mwaka 1994, walipinga wakisema kwamba jina moja linaficha tofauti kubwa za mahali na wakati. Kwa mwandishi wa Kiswahili, njia salama ni kutumia ukabaila kwa mfumo mzima, kisha kueleza waziwazi ni fungamano lipi linalozungumzwa. Aliyekula kiapo kwa bwana asiitwe kibaraka, kwa kuwa neno hilo sasa lina maana ya mtu anayetumiwa na wengine dhidi ya watu wake, ilhali kiapo cha Zama za Kati kilizifunga pande zote mbili.