Mashujaa wa plastiki na randi ya Johannesburg

Wakusanyaji wa sanamu ndogo za mashujaa wa filamu na vitabu vya katuni mjini Johannesburg, Afrika Kusini, wana lalamiko ambalo limesikika kwa miaka mingi: bei inapanda na ubora unashuka. Makala yetu ya historia inafuatilia safari ya sanamu hizo, kutoka viwanda vya Asia hadi madukani kusini mwa Afrika, na inauliza ni nani hasa anayeumizwa na mabadiliko hayo.

Mpenzi msikilizaji, huenda umewahi kuziona sanamu hizi bila kuzitilia maanani. Ni za plastiki, nyingi zikiwa na urefu wa kati ya sentimita 10 na 30, na zina viungo mabegani, magotini na shingoni vinavyoweza kukunjwa ili shujaa asimame, apige magoti au ainue upanga. Mtoto huzichezea. Mtu mzima huzipanga kabatini, na si ajabu akakataa hata kuzitoa ndani ya sanduku. Kwa asiyehusika ni mchezo tu. Hata hivyo, ndani ya sanamu moja kuna bei ya mafuta ghafi, mshahara wa mfanyakazi wa kiwandani na thamani ya sarafu ya nchi inayoinunua.

Historia yake inaanzia Marekani mwaka 1964, pale kampuni ya Hasbro ilipomleta sokoni askari aliyeitwa G.I. Joe. Alikuwa na urefu wa kiasi cha sentimita 30, alivaa nguo za kitambaa, na alitangazwa kuwa na sehemu 21 zinazosogea. Miaka miwili baadaye kampuni ya Palitoy ilimpa ndugu yake wa Uingereza jina la Action Man. Wenye kampuni hawakutaka kumwita mwanasesere, wakihofia kwamba wavulana wangemkataa, na ndipo jina jipya la bidhaa hiyo likabuniwa.

Kisha ikaja vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, na pipa lililouzwa kwa kiasi cha dola 3 likafikia karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Plastiki hutokana na mafuta, na askari wa sentimita 30 akawa mzigo kwa mtengenezaji wake. Mwaka 1976 G.I. Joe mkubwa aliondolewa katika soko la Marekani. Mwaka uliofuata filamu ya Star Wars ilipata umaarufu ambao hata kampuni ya Kenner ya Cincinnati, iliyokuwa na haki ya kutengeneza sanamu zake, haikuutarajia. Krismasi ya 1977 ilifika kalibu zikiwa bado hazijakamilika. Kenner ikauza sanduku tupu! Ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi cha kuahidi kwamba sanamu nne zingeletwa kwa posta mwaka unaofuata, na wazazi walilipa.

Sanamu za Kenner zilipofika mwaka 1978 zilikuwa na urefu usiofika sentimita 10 na viungo vitano tu: shingo, mikono miwili na miguu miwili. Zilitengenezwa Hong Kong na Taiwan, na Marekani ziliuzwa kwa takribani dola 2. Anayedai kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora inafaa aulizwe kwanza: zamani ipi? Zile zinazolipiwa fedha nyingi leo katika minada zilikuwa zenyewe ni matokeo ya kubana matumizi.

Sasa tuitazame Johannesburg ya wakati huo. Televisheni ilianza kurusha matangazo yake rasmi nchini Afrika Kusini tarehe 5 Januari 1976, ikiwa imechelewa kuliko Kenya, Uganda na hata Zanzibar, kwa sababu serikali ya makaburu iliiogopa. Miezi mitano baadaye wanafunzi wa Soweto waliandamana na kupigwa risasi. Sarafu ya nchi, hata hivyo, ilikuwa na nguvu. Mwaka 1978 randi moja ilibadilishwa kwa dola 1 na senti 15. Tukipiga hesabu ya bei ya Marekani peke yake, bila nauli wala kodi, sanamu ya dola 2 ilikuwa sawa na randi 1 na senti 74.

Nani aliyeweza kuitoa fedha hiyo? Maduka makubwa ya vichezeo yalikuwa katikati ya mji na katika vitongoji vya Wazungu. Kwa watoto wa Soweto na Alexandra, gari la kuchezea lilitengenezwa kwa waya uliookotwa, lenye magurudumu ya makopo na usukani mrefu wa kuliongoza huku mtoto akitembea nyuma yake. Ufundi huo haujafa. Hadi leo mafundi wa waya na shanga, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka Zimbabwe, huuza kazi zao kwenye taa za barabarani, ambazo wenyeji wa nchi hiyo, kwa sababu zao wenyewe, huziita “roboti”.

Tarehe 15 Agosti 1985, Rais P. W. Botha alihutubia mkutano wa chama chake mjini Durban. Dunia ilitarajia kusikia habari za mageuzi, yeye akakaidi. Mabenki ya kigeni, ambayo yalikwisha kuanza kudai mikopo yao, yaliongeza mbio za kuondoka. Randi ikaporomoka hadi chini ya senti 40 za Kimarekani, na soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa. Tangu hapo kila kitu kilichonunuliwa kwa dola, kuanzia mashine hadi kichezeo cha mtoto, kikawa na bei mbili: ile iliyoandikwa na mtengenezaji, na ile iliyoongezwa na historia ya nchi. Wakusanyaji wa Marekani wanaijua ya kwanza tu.

Kipindi ambacho wakusanyaji wengi hukikumbuka kwa hamu kilikuja baadaye. Mwaka 1994, mwaka ule ule Waafrika Kusini wote walipopiga kura kwa mara ya kwanza, mchoraji Todd McFarlane alianzisha kampuni yake ya sanamu huko Marekani. Alionyesha kwamba sanamu ya dukani inaweza kuchongwa kwa umakini wa kazi ya sanaa, na washindani wakalazimika kumfuata. Mwaka 2002 kampuni ya Toy Biz ilianza mfululizo wa Marvel Legends. Sanamu yake ya sentimita 15 ilikuwa na viungo visivyopungua 30, hata vidole vya mkono katika baadhi yake vilikunjwa, na ndani ya kifurushi mliwekwa kitabu kizima cha katuni. Bei yake Marekani ilikuwa kati ya dola 7 na 8.

Johannesburg nayo ilikuwa ikibadilika. Septemba 2007, Nelson Mandela alifungua jengo la maduka la Maponya Mall huko Soweto, lililojengwa na mfanyabiashara Richard Maponya, mtu aliyezuiwa na sheria za ubaguzi kwa miongo kadhaa kukuza biashara yake. Mzazi wa Soweto aliyetaka kuinunua zawadi ya aina hii karibu na nyumbani sasa aliweza angalau kuingia katika jengo kubwa la maduka bila kupanda basi kwenda mjini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mlango uliofungwa kwa vizazi ulifunguliwa, na kabla watu hawajaingia vizuri, bei ikaanza kuusukuma ufungwe tena.

Sababu zilikuwa nyingi na si zote zilikuwa ulafi. Kalibu ya chuma inayotumika kumimina plastiki hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na gharama hiyo hugawanywa kwa idadi ya sanamu zitakazouzwa. Watoto walipohamia katika michezo ya kompyuta na simu, idadi ilipungua na kila sanamu ikabeba mzigo mkubwa zaidi. Mishahara katika jimbo la Guangdong nchini China ilipanda, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu mfanyakazi kwa hilo. Kampuni nazo zikatafuta pa kupunguza. Kila kiungo ni vipande vya ziada vya kuunganisha. Kila rangi ni hatua nyingine mezani. Mwaka 2013 Hasbro ilitoa sanamu za Star Wars za sentimita 10 zenye viungo vitano tu, idadi ile ile ya mwaka 1978. Plastiki laini, ambayo haivunjiki upesi, hupinda ikiwa bado sandukuni, na shujaa hufika kwa mnunuzi akiwa na magoti ya mlevi.

Haki isemwe: si kila kitu kimeharibika. Tangu miaka ya mwisho ya 2010 nyuso huchapwa kwa mashine, na zinafanana na waigizaji kuliko zile zilizopakwa rangi kwa mkono. Uso umekuwa bora, vifaa vinavyoambatana na sanamu vimekuwa haba, na kile kitabu cha katuni kimebaki kumbukumbu.

Februari 2018 ilikuja filamu ya Black Panther. Lugha ya nchi yake ya kubuni, Wakanda, ni Kixhosa, na iliingia katika filamu hizo kupitia kwa mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza mfalme T'Chaka katika filamu ya mwaka 2016. Market Theatre ya Johannesburg, jukwaa lililopinga ubaguzi wa rangi, ina ukumbi wenye jina lake. Kwa mara ya kwanza rafu za duniani zilijaa mashujaa Weusi wanaozungumza lugha ya nyumbani. Septemba mwaka huo huo maonyesho ya Comic Con Africa yalifanyika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa mbio za magari wa Kyalami, kaskazini mwa Johannesburg, kisha yakahamia Midrand na baadaye Nasrec, jirani kabisa na Soweto. Lakini shujaa huyo anayesema Kixhosa alimiminwa Asia, akauzwa kwa dola, na akaingia nchini kama mgeni yeyote mwenye kontena, kupitia Durban hadi bandari kavu ya City Deep. Tarehe 1 Aprili 2018, filamu ikiwa bado inaonyeshwa, kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 14 hadi 15.

Tupige hesabu nyingine. Mwaka 2002 dola moja ilikuwa wastani wa randi 10 na nusu, kwa hiyo sanamu ya dola 7 ilikuwa sawa na randi 74 hivi. Mwaka 2022 sanamu ya Marvel Legends ilifikia dola 25, na dola ilikuwa wastani wa randi 16 na senti 37. Jibu ni randi 409, kabla ya nauli, kodi na faida ya mwenye duka. Kima cha chini cha mshahara nchini Afrika Kusini mwaka huo kilikuwa randi 23 na senti 19 kwa saa. Kwa mlinzi wa lango au mfanyakazi wa ndani anayelipwa kiwango hicho, sanamu moja ni karibu saa 18 za kazi: siku mbili na zaidi, bila kula wala kupanda teksi.

Mwaka huo huo wa 2022 Hasbro iliondoa dirisha la plastiki katika masanduku yake kwa sababu za mazingira. Nia ilikuwa njema, matokeo yakawa vioja. Mnunuzi hakuweza tena kuona kama macho yamechapwa mahali pake, na wezi walitoa sanamu, wakaweka takataka na kurudisha sanduku dukani. Mkazi wa Ohio aliyekuta kasoro alirudi dukani kubadilisha. Wa Johannesburg aliyeagiza kutoka ng'ambo alipaswa kulipa nauli ya kurudisha inayokaribia bei ya sanamu yenyewe, kwa hiyo aliinamisha kichwa. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 2023 kampuni ilitangaza kuyarudisha madirisha. Bei haikurudi.

Hata njia ya vifurushi vidogo imekuwa nyembamba. Kwa miaka mingi bidhaa za chini ya randi 500 zilitozwa ushuru wa jumla wa asilimia 20 bila kodi ya ongezeko la thamani. Wafanyabiashara wa nguo wa Afrika Kusini walilalamika kwamba Shein na Temu waliutumia mwanya huo kuwaua, na tangu tarehe 1 Septemba 2024 kodi hiyo hutozwa pia. Wavu uliotegwa kwa ajili ya nguo ukanasa na sanamu.

Kwa hiyo wenye uwezo wananunua chache, na wasio na uwezo wanageukia maduka ya jumla ya Fordsburg na Crown Mines, ambako bidhaa za kuigiza si jambo la ajabu na rangi hubaki kidoleni. Wengine wanabadilishana za zamani, ingawa jua kali la uwanda wa juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, si rafiki wa plastiki nyeupe: askari wa Star Wars aliyeachwa dirishani hugeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Mguu uliopinda una dawa yake, na ni ya bei rahisi. Hutumbukizwa katika maji ya moto hadi ulainike, hunyooshwa kwa vidole, kisha hutiwa haraka katika maji ya baridi na kushikiliwa hadi ukakamae.