Baba Anapoamka Usiku: Tezi Dume Tangu Zamani Hadi Leo

Je, baba huamka mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo? Je, akifika msalani husimama kwa muda mrefu huku mkojo ukitoka kidogo kidogo? Usimcheke, wala usiseme ni uzee tu.

Chini ya kibofu cha mkojo, mwanamume ana tezi dume, ambayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Umri unavyosonga, tezi hii hukua na kuubana mrija. Kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu. Kuta zake huwa nene, nacho hushtuka hata kikiwa na mkojo kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya safari za usiku. Kikichoka, mkojo hubaki ndani, ukaleta maambukizi na mawe, na hata kuharibu figo.

Taabu hii si ya leo. Katika magofu ya Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na volkeno mwaka wa 79, ilipatikana mirija ya shaba ya kutolea mkojo. Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa Marekani, alizibwa mkojo na tezi hii mwaka wa 1825 akiwa na miaka 82. Daktari wake alikuwa akimwingizia mirija ili apate nafuu. Hata urais haukumkinga.

Mwaka wa 1900, daktari Peter Freyer alianza kuwapasua wagonjwa na kuitoa tezi hiyo huko London. Katika miaka ya 1930, Frederic Foley wa Marekani alibuni mpira wenye kipulizo kidogo kinachouzuia kuchomoka kwenye kibofu. Mpira huo ungali unatumika hospitalini. Leo pia kuna vidonge, na upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo.

Basi mama, ufanye nini? Usimnyime mzee maji. Mpunguzie tu vinywaji, hasa chai, anapokaribia kulala. Mpeleke kliniki apimwe, kwani kukua huku si saratani, lakini dalili zaweza kufanana. Akishindwa kabisa kukojoa, tumbo la chini likivimba na kuuma, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitalini usiku huo huo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Zungumza na baba leo.