Usalama wa maafisa wa balozi: Nini kilibadilika baada ya Agosti 7, 1998?

Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, mabomu yaliyobebwa kwenye magari yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa na maelfu walijeruhiwa. Mtandao wa al-Qaeda ndio uliohusika.

Waliolengwa walikuwa watumishi wa serikali ya Marekani, lakini sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa Wakenya na Watanzania. Katika makala hii tunaeleza jinsi serikali zinavyowalinda maafisa wao walioko nchi za nje, na kwa nini ulinzi huo unawagusa pia wananchi wa kawaida.

Nani ana wajibu wa kulinda ubalozi?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unaipa nchi mwenyeji jukumu hilo. Kifungu cha 22 kinaitaka ichukue kila hatua inayofaa kulinda majengo ya ubalozi yasivamiwe wala kuharibiwa. Hata hivyo, polisi wa nchi hiyo hawaruhusiwi kuingia ndani bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Kifungu cha 29 kinamlinda mwanadiplomasia mwenyewe dhidi ya kukamatwa au kushambuliwa.

Kwa hiyo ulinzi hupangwa kwa ngazi. Nje barabarani wapo polisi wa nchi mwenyeji. Getini wapo walinzi, ambao mara nyingi ni raia wa nchi hiyo walioajiriwa kwa kazi hiyo. Ndani ya balozi nyingi za Marekani wapo wanajeshi wa kikosi cha Marine, ambao kwa miaka mingi kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda nyaraka za siri.

Mlinzi wa getini ndiye anayekutana na hatari kwanza. Mjini Nairobi, walinzi walikataa kulifungulia geti lori la washambuliaji. Washambuliaji wakarusha guruneti na kufyatua risasi, na watu waliokuwa ofisini wakakimbilia madirishani kuona kulikoni. Bomu lilipolipuka, wengi wao waliumizwa na vioo. Mjini Dar es Salaam, boza la maji lilikuwa kati ya lori lenye bomu na jengo, likapunguza makali ya mlipuko.

Kwa nini umbali ni muhimu?

Nguvu ya mlipuko hupungua haraka kadiri mtu au jengo linavyokuwa mbali. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, katikati ya jiji, ukipakana na majengo mengine. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka kabisa.

Hatari hiyo ilikuwa inajulikana. Baada ya balozi za Marekani mjini Beirut kulipuliwa mwaka 1983 na 1984, jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 1985 kwamba majengo mapya yawe angalau mita 30 kutoka barabarani. Lakini balozi nyingi za zamani zilibaki zilipokuwa kwa sababu fedha hazikutosha. Prudence Bushnell, aliyekuwa balozi nchini Kenya, aliiandikia wizara yake kabla ya shambulio akieleza kwamba jengo lake halikuwa salama.

Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe iliripoti Januari 1999 kwamba serikali zilizofuatana zilishindwa kutenga fedha za kutosha. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoufanya umbali huo kuwa sharti kwa majengo mapya. Mwaka 2003 ubalozi wa Nairobi ulikuwa umehamia Gigiri, na ule wa Dar es Salaam Msasani.

Je, kuta zinatosha?

Hapana. Ubalozi ukiimarishwa, washambuliaji hutafuta mahali palipo wazi zaidi. Novemba 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala, pwani ya Kenya, ilishambuliwa. Mjini Istanbul, ubalozi mdogo wa Marekani ulihamia jengo jipya juu ya kilima mwaka 2003. Novemba mwaka huo ubalozi mdogo wa Uingereza, uliokuwa bado katikati ya mji, ulilipuliwa na balozi mdogo Roger Short akauawa.

Pia afisa hawezi kukaa ndani ya kuta siku zote. Kazi yake ni kukutana na watu. Oktoba 2002, Laurence Foley wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Amman. Februari 2021, balozi wa Italia nchini Congo, Luca Attanasio, aliuawa kaskazini mwa Goma baada ya watu wenye silaha kuvamia msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mlinzi wake na dereva Mkongomani waliuawa pia.

Tahadhari hutolewaje?

Tishio likiongezeka, serikali inaweza kuwaruhusu jamaa za maafisa waondoke kwa hiari, kuwaamuru waondoke, au kufunga ofisi. Agosti 2013 Marekani ilifunga kwa siku kadhaa karibu ofisi 20, zikiwemo za Bujumbura, Kigali na Muscat.

Marekani pia ina kanuni kwamba onyo likitolewa kwa watumishi wa serikali, lazima raia wa kawaida waambiwe pia. Kanuni hiyo ilitokana na malalamiko baada ya ndege ya Pan Am kulipuliwa juu ya Lockerbie mwaka 1988. Ndiyo maana matangazo ya tahadhari hutolewa hadharani, hata pale yanapoumiza utalii. Mei 2014, onyo la Uingereza lilifuatiwa na kuondolewa kwa mamia ya watalii Mombasa, na wafanyakazi wa hoteli wakakosa kazi.

Suala lililobaki

Mwaka 2020 Sudan, iliyotuhumiwa kuwapa hifadhi al-Qaeda, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi kadhaa, yakiwemo ya 1998. Waliostahili ni raia wa Marekani na watu waliokuwa wakiifanyia kazi serikali yake. Mkenya aliyekuwa akipita njia tu siku hiyo hakuhesabiwa. Wengi wa manusura hao bado wanadai fidia, na kila Agosti 7 hukusanyika katika bustani ya kumbukumbu iliyojengwa mahali ubalozi ulipokuwa.