Popo na nondo wa pamba: nani anamlisha nani?

Wadau, kwanza tuweke sawa jambo moja. Anayemaliza maembe yenu ni popo mkubwa wa matunda. Yule mdogo anayejibana darini, chini ya bati, hagusi embe. Chakula chake ni wadudu, na wadudu wenyewe hubadilika kulingana na kilichoko shambani msimu huo.

Waliofuatiliwa sana kwa hili ni popo wadogo wa Texas, Marekani. Mmoja ana gramu 12 tu hivi, lakini idadi yao si mchezo: pango la Bracken, karibu na San Antonio, lina popo zaidi ya milioni 15, wengi wao majike. Wanatoka Mexico kuanzia mwezi wa 2 na wa 3, na mwezi wa 6 wanazaa. Jike anayenyonyesha anaweza kula usiku mmoja wadudu wenye uzito wa theluthi mbili za mwili wake. Hebu piga hesabu hiyo kwa mtu wa kilo 60!

Sasa angalia ilivyojipanga. Mwezi huo huo wa 6 mahindi ya bonde la Rio Grande, mpakani na Mexico, yanakomaa. Funza waliokuwa kwenye magunzi wanageuka nondo, wanapanda juu mamia ya mita na kubebwa na upepo wa kusi hadi kwenye pamba. Popo wanawafuata huko huko juu angani. Kila nondo jike anayeliwa ni mamia ya mayai ambayo hayafiki shambani.

Nondo wakipungua, popo hawalali njaa: kuna mbawakawa, sisimizi wenye mbawa na wadudu wanaofyonza mimea. Mwezi wa 9 na wa 10 upepo unageuka, nondo wanarudi kusini, na popo wanawala tena. Haya yote yamejulikana kwa kuchambua kinyesi cha popo, siku hizi hadi kwa vipimo vya DNA.

Faida yake? Utafiti wa 2006 katika wilaya 8 za Texas ulikadiria kwamba popo huokoa dola 741,000 kwa mwaka, wakati pamba yenyewe ilikuwa na thamani ya dola milioni 4.6 hadi 6.4. Kwingine Marekani, ambako ugonjwa wa ukungu umeua mamilioni ya popo wa aina nyingine tangu 2006, utafiti uliotoka 2024 ulionyesha wakulima waliongeza dawa za wadudu kwa karibu 31%, na vifo vya watoto wachanga visivyotokana na ajali vikapanda karibu 8%. Hapo ndipo mimi niliposhtuka.

Na si mambo ya mbali. Binamu wa nondo huyo ndiye mzazi wa funza wa vitumba, anayewatesa wakulima wa pamba kule Shinyanga na Simiyu.

Kama popo wako darini kwako wanakukera, usiwachome moto. Ngoja watoto wao waweze kuruka, kisha ziba matundu usiku wakiwa wametoka. Na usiwashike kwa mkono mtupu, wanaweza kubeba magonjwa.