Fedha, fedheha na mchoro wa Hogarth

Haya jamani, leo tuwaache wanasiasa wapumue kidogo, tuongelee ndoa. Tena ndoa za wakubwa!

Mwingereza William Hogarth (1697–1764) alichora picha sita alizoziita Marriage A-la-Mode. Nakala zake zilichapwa mwaka 1745 zikauzwa kwa watu. Picha zenyewe ziko National Gallery, London.

Kisa ni hivi. Earl wa Squanderfield (jina lenyewe ni kejeli, maana yake ni mfujaji) ana ukoo mkubwa lakini mfuko umetoboka. Anajenga jumba, hela zimemwishia, na dirishani tunaliona limesimama nusu. Mfanyabiashara wa London naye hela anazo, heshima ya ukoo hana. Basi wanabadilishana. Na kwao huko aliyelipa alikuwa baba wa binti, si kama sisi. Earl ananyoosha kidole kwenye mti wa ukoo wake unaoanzia kwa mfalme William Mshindi, huku fedha za mwenzake zikiwa mezani.

Na maharusi? Bwana harusi anajitazama kwenye kioo. Bibi harusi ananong'onezwa na wakili, Silvertongue. Karibu yao kuna mbwa wawili waliofungwa mnyororo mmoja. Umeelewa, sivyo?

Mwisho wake ni msiba. Mume anapata ugonjwa wa zinaa, anamfumania mkewe na wakili, anauawa. Wakili ananyongwa. Mke anakunywa sumu, na baba yake, hata kabla hajapoa, anamvua pete kidoleni. Hasara isizidi, bwana!

Hogarth alijua anachosema. Baba yake aliwahi kufungwa kwa madeni. Yeye mwenyewe mwaka 1729 alimtorosha Jane, binti wa mchoraji maarufu Sir James Thornhill, wakaoana bila ridhaa ya mzee.

Lakini kinachonikaa rohoni kiko kwenye picha ya nne. Bibi mkubwa anatengenezwa nywele, wageni wanasikiliza muziki, wakili amejilaza kwenye kochi. Chini, pembeni, kuna mtoto mweusi mwenye kilemba. Mbele yake kuna vitu vilivyonunuliwa mnadani, naye anacheka akigusa pembe za kisanamu. Kwa Wazungu wa enzi hizo, pembe ni alama ya mume anayesalitiwa na mkewe.

Zama hizo Uingereza ilikuwa ndani kabisa ya biashara ya watumwa, na watoto wa Kiafrika waliwekwa kwenye nyumba za matajiri kama mapambo. Kwa hiyo tunacheka binti kuuzwa kwa jina la ukoo, wakati anayetuchekesha yumkini naye alinunuliwa, na hakuna mkataba uliomtaja kama mtu. Binti angalau alipewa picha sita za kueleza kilichompata. Mtoto yule alipewa kona moja.

Siku ukiiona picha hiyo, anza kuitazama kwenye kona ile.