Wasichana wa Sisibo na Hesabu ya 18 kwa 12.6

Kwa miaka mingi, timu ya tenisi ya wanaume katika chuo kikuu kikubwa cha Marekani iliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 4.5 tu. Ya wanawake ilipewa 8. Kwenye riadha na mbio za nyika, wanaume 12.6, wanawake 18. Tenisi tuwaachie wenye viwanja. Sisi wa Eldoret, Sisibo kama wazee wanavyouita mji huu, hesabu iliyotugusa ni hiyo ya pili.

Ukisikia 18 kwa 12.6 unaweza kudhani wanawake ndio walioanza kuitwa. Wapi! Mlango ulikuwa wa wanaume peke yao. Julius Sang na Robert Ouko walisomea North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham, na mwaka 1972 wakawa kwenye timu ya Kenya iliyoshinda dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti huko Munich. Mike Boit alienda Eastern New Mexico. Halafu ikaja Washington State, kwa kocha John Chaplin. Samson Kimobwa wa chuo hicho alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono, kijana wa Nandi, akavunja nne kwa siku 81: mita 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, 10,000 na 3,000. Siku 81, jamani, na bado alikuwa mwanafunzi.

Na wasichana je? Si kwamba hawakuwepo. Lydia Stephen, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire walikimbia Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Lakini kocha angewapeleka kwa timu gani? NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza mashindano ya mbio za nyika za wanaume mwaka 1938. Ya wanawake yakaanza 1981. Miaka 43! Na tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Hapa nyumbani msichana mwenye mbio alikuwa akiulizwa ataolewa lini.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ambayo haitaji michezo hata mara moja. Juni 23, 1972, Rais Nixon alitia sahihi kile kinachoitwa Title IX: chuo kinachopokea pesa za serikali kuu kisibague kwa jinsia. Sasa fikiria chuo chenye futiboli ya Kimarekani, wanaume 85 wenye ufadhili. Utasawazisha vipi? Unaongeza nafasi za wanawake kwenye tenisi, kupiga makasia, riadha. Hakuna mtu Washington aliyekuwa akimuwaza msichana wa Kapsowar, lakini nafasi zilikuwa zimeshafunguka, na kocha anayetaka pointi huangalia ramani ya dunia nzima.

Sally Kipyego wa Kapsowar aliingia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya NCAA, akasomea uuguzi, kisha akachukua fedha ya mita 10,000 London 2012. Ednah Kurgat alishinda mbio za nyika za vyuo mwaka 2017 akiwa New Mexico. Sharon Lokedi, mtoto wa Burnt Forest hapo chini tu, alishinda mita 10,000 akiwa Kansas mwaka 2018. Miaka minne baadaye akakimbia marathoni yake ya kwanza kabisa, New York, akaishinda.

Mimi siiti hiyo sadaka. Rono aliletea chuo chake mataji matatu ya mbio za nyika. Olimpiki za 1976 na 1980 alizikosa kwa sababu Kenya ilisusia. Baadaye huko huko Marekani aliosha magari na kubeba mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Albuquerque. Alifariki Februari 2024, rekodi zake bado zinasimuliwa kama hadithi. Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono miguu ilipochoka, na hilo halikuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote.

Juni 2025 jaji mmoja wa California aliidhinisha makubaliano yanayofuta vikomo vile: 4.5, 8, 12.6, 18, vyote kwaheri. Kwa vyuo vilivyojiunga, sasa kinachowekewa kikomo ni idadi ya wachezaji kikosini, na chuo kinaweza kumlipa mwanamichezo moja kwa moja. Pesa nyingi zinakimbilia futiboli na kikapu. Kwa hiyo wewe unayeamka saa kumi na moja alfajiri kupanda vilima vya Iten, kocha akikupigia simu muulize mapema: ufadhili huu ni wa mwaka mmoja mmoja, ama ni wa yote minne? Na nikiumia goti mwaka wa pili, karo analipa nani?