Feritini: Kipimo kinachofichua akiba ya chuma kwa wanaotoa damu

MTU anapotoa damu, takriban mililita 450, huondokewa pia na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Majimaji yaliyopotea hurejea kwa siku chache na chembechembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Chuma, hata hivyo, huweza kuchukua miezi mingi, kwa kuwa mwili hufyonza kiasi kidogo mno kila siku kutoka kwa chakula.

Chuma ndicho kiini cha hemoglobini, inayosafirisha oksijeni mwilini. Mwanamume mwenye afya huweza kuwa na akiba ya hadi miligramu 1,000, hasa katika ini, wengu na uboho. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huwa na takriban miligramu 300 tu, kutokana na hedhi na uzazi. Kutoa damu mara moja, basi, kwaweza kumaliza sehemu kubwa ya akiba yake.

Kabla ya kutoa damu, mchangiaji hudungwa kidoleni. Katika vituo vingi, tone lake hudondoshwa ndani ya maji yenye salfeti ya shaba: likizama upesi, damu inatosha, likielea, huombwa arejee siku nyingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka hemoglobini isipungue gramu 12 kwa kila desilita kwa wanawake na gramu 13 kwa wanaume.

Kipimo hicho hakifichui yote. Chuma kinapopungua, mwili hutumia kwanza akiba yake kutengeneza hemoglobini, ambayo hushuka baadaye. Hivyo, mtu aweza kufaulu mtihani wa tone ilhali ghala lake limekauka, naye akabaki na uchovu asiojua chanzo chake.

Hapo ndipo kipimo cha feritini hufaa. Feritini ni protini inayohifadhi chuma ndani ya seli, na kiasi chake kidogo huingia katika damu. Kwa mtu mzima asiye na maradhi, kiwango kilicho chini ya mikrogramu 15 kwa lita huonyesha upungufu wa chuma. Lakini maambukizi hupandisha feritini na kuficha upungufu huo. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 uliweka kiwango cha mikrogramu 70 kwa wagonjwa wa aina hiyo.

Uholanzi ilianza mwaka 2017 kuwapima feritini wachangiaji wapya, na wengine kila wanapotoa damu mara ya tano. Wenye chini ya mikrogramu 15 walitakiwa kupumzika miezi 12. Wenye 15 hadi 30, miezi sita.

Kipimo hiki huhitaji maabara na gharama, hivyo katika nchi nyingi kinga kuu husalia kuwa muda wa mapumziko. Jambo hili ni zito hapa Kenya, ambako wanafunzi wa shule za upili, wakiwemo wasichana ambao miili yao ingali inakua, wamekuwa tegemeo la benki za damu.

Mchangiaji ashauriwa kula maini, nyama, samaki, maharagwe na ndengu pamoja na matunda kama machungwa, na kuepuka chai wakati wa mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya chuma vitumiwe kwa ushauri wa daktari.